Pepinieri ya kando ya barabara Himbi: wanakuonyesha mizizi kwanza, pesa baadaye

Nimeulizwa sana kwa WhatsApp maua yangu ya majani nayatoa wapi hapa Goma, basi wacha niandike mara moja kila mtu asome. Ni kwa ile pepinieri, yaani bustani ya kuzalisha na kuuza miche, ya kando ya barabara huku Himbi, ukishuka upande wa ziwa, haina kibao wala jina, utaitambua kwa kiukuta cha makoro (yale mawe meusi ya lava) na masashe meusi, vifuko vya plastiki vya kupandia, yaliyopangwa safu safu chini ya neti ya kivuli. Mwenyewe ni mama mmoja mtu mzima, anafanya na kijana wake pamoja na mzee mmoja ambaye kazi yake ni kukata tu, na mimi nanunua kwao muda mrefu sasa, kwa hiyo haya ninayosema nimeyaona na kuyashika. Nawapa nyota nne kwa tano. Hiyo moja nitawaeleza mbele imeenda wapi.

Pale si mahali pa waridi wala maua ya harusi, ni majani tu. Drasena za aina mbalimbali, difenbakia, krotoni, potosi ya kutambaa, monstera, fikusi ile ya majani mazito, sanseveria, koleusi za rangi zote, filodendroni. Karibu yote wameyazalisha wenyewe kwa buture, yaani vipande vya tawi vinavyopandwa vitoe mizizi, kutoka kwa mimea mama iliyo nyuma ya parsele, hawaendi kununua ng'ambo ya mpaka na kuja kuongeza bei. Nadhani ndiyo sababu bei iko chini hivyo, potosi iliyoshika mizizi unaweza kuipata kwa dola moja au faranga zake, drasena ya kimo cha goti inapanda kidogo, monstera ndo ya bei, lakini hata hiyo utaongea na mama mtaelewana.

Sasa kinachonifanya nirudi pale. Ukichagua buture yako, mama hakuambii "chukua, imeshika". Anaweka vidole viwili pande zote za shina, anapindua sashe, anagonga kidogo chini, donge lote la udongo linatoka zima, na hapo unaona mwenyewe: mizizi myeupe, migumu, imeanza kuzunguka pembeni. Kama ni michache au iko ya kahawia na laini ukiigusa, anairudisha kwenye safu na kukwambia hii bado, rudi wiki mbili. Nimemwona akimkatalia mteja aliyekuwa na pesa mkononi na haraka ya kwenda kuipeleka zawadi. Yule mteja alikasirika kweli, lakini mama alikuwa na haki, kwa sababu tawi lisilo na mizizi linaweza kukaa kijani hata wiki mbili, linaishi kwa maji na chakula lililobeba ndani ya shina, unafikiri ni zima, kisha siku moja majani yote yanainama na hakuna kitu cha kuokoa. Kuna wauzaji wengi mjini wanachomeka matawi asubuhi na kuyauza mchana ule ule, sisemi ni nani, ila mkinunua popote ombeni kuonyeshwa mizizi, na muuzaji akikataa mwendelee na safari yenu.

Mzee wa kukata ndiye aliyenifundisha mengi, na hana choyo ya ujuzi, ukimuuliza anaacha sekateri, ule mkasi wa kukatia matawi, chini anakueleza. Msingi wake ni kifundo, pale jani linapotokea kwenye shina. Ndani ya kifundo ndo kuna jicho la kuchipua, na kwa mimea mingi mizizi nayo inapenda kutokea hapo hapo. Sisi wote tumekua tukiona mama zetu wanakata miti ya mihogo na kuipanda, hakuna aliyepanda kipande kisicho na jicho, na mambo ya majani ni yale yale. Kwa hiyo zile monstera zinazouzwa kwa Facebook, jani moja zuri ndani ya chupa ya maji, muangalie vizuri kabla ya kutuma pesa: kama lile jani limekatwa na kikonyo chake tu bila kipande cha shina chenye kifundo, linaweza kutoa hata mizizi na kukaa miezi, lakini jani la pili halitakuja kamwe. Inaniuma kuona watu wanalipia kitu kama hicho kwa bei ya mmea mzima.

Difenbakia anaifanya hivi. Anavaa glovu kwanza, na anasisitiza, juu utomvu wake una vijiwe vidogo vya oksalati ya kalsiamu vyenye ncha kali, ukigusa unawashwa, na mtoto akitafuna jani ulimi na mdomo vinavimba. Potosi, monstera na filodendroni nazo ziko katika ukoo huo huo, kwa hiyo wenye watoto wadogo na mbuzi wa kufungwa nyumbani wekeni juu. Basi anakata kichwa chenye majani, hicho kinapandwa peke yake, halafu lile gogo refu lililobaki uchi anakatakata vipande vya vifundo viwili viwili, anaviacha kivulini mpaka kesho yake sehemu zilizokatwa zikauke, ndipo anavilaza chali juu ya udongo, nusu imezama nusu iko nje, jicho likitazama juu. Mmea mmoja uliokuwa unagusa dari unatoa mitoto mingi hivi, na kisiki kilichobaki kwenye chungu nacho kinachipua tena. Drasena inakubali mchezo huo huo wa vipande.

Krotoni ni ngumu zaidi na ndiyo inayoonyesha nani anajua kazi na nani anabahatisha. Ukikata inatoa maziwa, mzee anachovya ncha kwenye maji mpaka yaache kutoka. Anachukua urefu kama wa kiganja, anaondoa majani ya chini, yale makubwa yaliyobaki anayakata nusu ili yasipoteze maji wakati hakuna mizizi ya kuyarudisha, kisha anaifunika na chupa ya maji ya plastiki iliyokatwa kitako. Ndani ya ile chupa hewa inabaki na unyevu. Hakuna kuweka juani, jua likipiga ile plastiki buture inapikwa. Fikusi kubwa hata haikati kwanza, anafanya markotaji: anavua pete ya gome upana wa vidole viwili hivi tawi likiwa bado juu ya mti, anazungushia kuvumwani ya mawe iliyolowa, anafunga na plastiki juu na chini, na baada ya miezi kadhaa mizizi ikionekana imejaa ndani ya plastiki ndipo anakata chini yake. Unanunua mti mdogo tayari. Hiyo ndiyo niliyoiweka kwenye barza yangu, na haijaangusha jani hata moja.

Nilimuuliza mzee mbona masashe ya krotoni na difenbakia yamewekwa moja kwa moja juu ya makoro wakati mengine yako juu ya udongo. Hapo nikaelewa kwamba hawa watu wanafikiri. Goma tuko kwenye mita kama 1,500, wastani wa joto letu unazunguka digrii 19 au 20, na mimea hii mingi kwao ni joto la chini: potosi asili yake ni kisiwa cha Mo'orea huko Polynesia, krotoni ni ya Indonesia, Malaysia na visiwa vya Pasifiki. Mizizi yake inatoka vizuri udongo ukiwa kama digrii 21 mpaka 27. Sasa makoro meusi yanakunywa jua mchana kutwa pale pembeni ambapo neti haifiki, joto linatembea ndani ya jiwe, na usiku masashe yanapata uvuguvugu kutoka chini huku majani yako kivulini. Wazungu wanauza sahani za umeme za kupasha buture tumbo, sisi na umeme wetu huu unaokuja na kuondoka tungefanya nini nazo. Hii ya mzee haikatiki.

Na makoro yanaingia hata ndani ya udongo wenyewe. Wanayaponda, wanachekecha vumbi lote, zile punje zenye vitundu wanachanganya na udongo mweusi, makoro mengi kuliko udongo. Buture inataka maji na hewa pamoja, udongo mzito peke yake ukishalowa unafunga na shina linaoza kabla ya kutoa kitu. Mbolea ya mbuzi hawaweki kabisa mpaka mizizi ionekane, halafu wanahamishia kwenye sashe kubwa lenye samadi iliyokwisha oza. Tangu lava ile ya Januari 2002 ipite katikati ya mji tumezoea kuyaona makoro kama shida ya kulima, kila mtu anataka udongo uletwe na lori, na kumbe kwa maua ya chungu tumekalia mali. Wanayauza pia, ndoo moja kwa faranga kidogo, yameshapondwa na kuchekechwa, na mimi ningesema hiyo ndoo ndiyo kitu chenye thamani kuliko vyote pale kama unataka kuanza kuzalisha mwenyewe.

Wana poda ya homoni ya mizizi pia, mama anapima kwa kijiko kwenye kikaratasi. Ni oksini ya kutengenezwa, ile kemikali ya ukuaji ambayo Mholanzi Frits Went aliitambua kwenye miche ya oti (avoine) miaka ya 1920. Kwenye kopo lake limeandikwa nguvu yake, na mnisikilize hapa, nguvu inatofautiana: zile za asilimia 0.1 ni za matawi laini, 0.3 na 0.8 ni za matawi yaliyoanza kukomaa na magumu. Chovya ncha, gonga ya ziada ianguke, basi. Kwa krotoni na fikusi inasaidia. Kwa potosi na koleusi msipoteze pesa, hizo zinatoa mizizi kwenye glasi ya maji dirishani, na mama mwenyewe atakwambia hivyo hivyo badala ya kukuuzia, jambo ambalo nililiheshimu sana. Wale wa kupaka asali kwenye buture, asali si homoni ya mizizi, muile tu na chai.

Sasa huduma ambayo watu hawaijui na kwangu ndiyo bora: unaweza kupeleka mmea wako uliokushinda. Potosi imezunguka saloni nzima ya nyumba na katikati ni uchi, drasena imekuwa mlingoti wenye majani kileleni, koleusi imelala. Unaipeleka, mzee anaipunguza mbele yako, unalipa kidogo, na matawi yote yaliyokatwa ni yako, ukitaka anakuandalia yawe buture, ukitaka anayanunua kwa kukupunguzia bei ya kitu kingine. Na anakuonyesha kwa nini anakata pale anapokata. Ncha ya juu ya tawi inatengeneza oksini, inashuka kwenye shina na kuyazuia macho ya pembeni yasifunguke. Ukiondoa ncha, yale macho yanapata ruhusa. Kwa hiyo koleusi ukiibana kwa kucha tu juu ya jozi ya majani, yanatoka matawi mawili pale palipokuwa na moja, ukibana hayo mawili yanakuwa manne, na mmea unakaa mfupi na mnene. Anakata juu kidogo ya kifundo, haachi kisiki kirefu kwa sababu kinaoza, na sekateri anaifuta na alkoli akitoka mmea mmoja kwenda mwingine ili asihamishe ugonjwa.

Lakini kukata peke yake hakutoshi kama mahali penyewe ni giza. Mmea unaorefuka na majani madogo madogo yaliyoachana unatafuta mwanga, ukiukata na kuurudisha kwenye kona ile ile utarefuka tena vibaya zaidi. Sogeza karibu na dirisha, geuza chungu kila wiki. Na chungu kisiwe kikubwa mno: watu wanafikiri wanaupa nafasi, kumbe ule udongo mwingi usio na mizizi unabaki umelowa na kuozesha. Vidole viwili zaidi ya chungu cha zamani vinatosha, na kama hutaki mmea ukue, toa donge, punguza mizizi ya nje kidogo, weka udongo mpya na urudishe kwenye chungu kile kile. Sisi huku karibu na ikweta mchana ni masaa 12 mwaka mzima, hakuna majira ya baridi ya kuulaza mmea, kwa hiyo unakua tu na wewe ndiye wa kuusimamia. Kwa ukataji mkubwa mzee anapendelea mvua za mwezi wa tisa zikishaanza, hewa ikiwa na unyevu, kuliko Julai ya vumbi.

Kuna jambo lingine nililotaka kuwaambia wenye kununua zile za kuagizwa, zinazokuja fupi, nene, zinang'aa. Wazalishaji wakubwa nje wengi wanatumia dawa za kuzuia urefu, kama paklobutrazoli, mmea unakaa mfupi dukani. Dawa ikiisha, mmea unarudia tabia yake na kunyooka, na mwenye nyumba anafikiri amekosea kumwagilia. Za huku Himbi hazijapakwa kitu, urefu unaouona ndio urefu wake, na tayari zimezoea maji na hewa yetu.

Nimesema maji yetu, hapo wenye drasena wanajua. Ncha za majani zinakauka kahawia na hakuna cha kufanya, sivyo? Drasena ni kati ya mimea inayoumizwa sana na floridi, inaikusanya kwenye ncha za majani na ncha zinakufa. Na ukanda wetu wa Virunga umepimwa, maji mengi ya huku yana floridi nyingi, ndiyo hiyo inayoharibu meno ya watoto, na hata mvua ikipita kwenye moshi wa volkano za Nyiragongo na Nyamulagira inaibeba. Mama anachanganya majivu kidogo ya kuni kwenye udongo wa drasena ili asidi ipungue, juu udongo usio na asidi sana unaifunga floridi na mizizi haiinywi nyingi. Ncha zilizokwisha kufa anazipunguza na mkasi kwa kufuata umbo la jani. Tofauti ya drasena zangu kabla na baada ya hayo majivu inaonekana, majani mapya yanatoka safi mpaka mwisho. Ila ni kidogo tu, kijiko kwa chungu, msimwage ya jiko zima.

Haya, ile nyota. Kijana wa mama anauza sanseveria za ukingo wa njano, na kwenye safu hiyo hiyo kuna za kijani tupu alizozalisha kwa kukatakata majani ya ile ya njano, na anawaambia wateja njano itakuja mbele zikikomaa. Haitakuja. Ile aina ya ukingo wa njano, iliyopewa jina la Laurentii kwa ajili ya Émile Laurent, Mbelgiji aliyekusanya mimea huku kwetu Kongo wakati wa ukoloni, ina tabaka mbili za chembe zenye asili tofauti ndani ya mmea mmoja. Ukipanda kipande cha jani, kichipukizi kinatoka na tabaka moja tu na kinakuwa kijani maisha yake yote. Ukitaka njano lazima ugawe lile shina linalotambaa chini ya udongo, uchukue mtoto na mizizi yake. Nilimwambia mama, akakubali mbele ya kijana na kunibadilishia bila kunung'unika, lakini nilipopita tena zilikuwa bado zimechanganywa kwenye safu moja kwa bei moja, na hilo silipendi, juu mteja mgeni hawezi kujua. Zitengwe na ziandikwe. Kwa ujumla hakuna kitu kilichoandikwa jina pale, kila kitu unauliza.

Masashe yao nayo ni mepesi mno, yanapasuka njiani. Makoro ya barabarani mnayajua na motari hawana huruma, bebeni bidoni iliyokatwa juu au ndoo ya kuyatia. Na angalieni chini ya majani ya krotoni na kwenye makwapa ya majani, pale jani linapoungana na shina, kama kuna vidudu vyeupe vyenye unga, niliwahi kuviona kwenye safu ya nyuma, ukipata moja usiipeleke kukaa na zingine nyumbani kabla ya kuifuta kwa sabuni ya maji na kuitenga.

Wanapokea faranga, dola zisizochanika, na M-Pesa au Airtel Money. Wanafungua mapema asubuhi na jioni wanafunga kabla giza halijaingia. Mzee wa kukata hayupo kila siku, kwa hiyo kama unapeleka mmea wa kupunguzwa mwulize mama kwanza ni siku gani atakuwepo, na Jumapili baada ya misa unamkuta kijana peke yake, basi sanseveria ya njano muifuate siku ya kazi mama mwenyewe akiwepo, na muombe akupindulie sashe uone kama imetoka kwa shina la chini.